Tulihama Nyumba, Tukahamia Chomboni

Dada mmoja aliyeko Miami ameniandikia barua ndefu, nami nimeisoma mara tatu. Mwenye nyumba amewapandishia kodi tena, na mumewe ameona mashua ya zamani inauzwa kwa bei ya gari kuukuu. Mume anasema wainunue, wahamie humo, kodi ikome. Yeye ana watoto wawili na mimba ya miezi mitano. Ananiuliza: "Dada, nasikia wewe uliishi chomboni na watoto. Niambie kweli, usinipambie."

Basi leo sipambi. Wanaosoma safu hii siku zote wanajua kwamba kuna miezi niliandika kidogo na kuna miezi sikuandika kabisa. Nilikuwa nasema ni kazi. Ukweli ni kwamba kuanzia Julai 2023 mimi, Baba Watoto na watoto wetu wawili tulikuwa tunaishi ndani ya mashua ya futi 38, na kwa muda mrefu sikutaka mtu ajue. Mama yangu hakujua. Hilo nitalifikia.

Tulikuwa Florida Keys, ule mlolongo wa visiwa vidogo kusini kabisa mwa Florida, uliofungwa pamoja na barabara moja tu yenye madaraja 42 mpaka Key West. Kwa ramani hiyo bado si tropiki. Tropiki ya Kansa inapita baharini kusini yake kidogo, baina ya Key West na Kuba. Lakini mwili hausomi ramani. Kuna mikoko, minazi, mbu, na joto lile la kwetu linalokulazimisha kuoga mara tatu kwa siku. Baba Watoto alikuwa mpishi katika hoteli, mimi nikitunza wazee majumbani mwao.

Kodi yetu ilikuwa dola 2,450 kwa vyumba viwili, umeme mbali. Mkataba ulipokwisha tukaambiwa 3,100. Tulizunguka wiki nne kutafuta kwingine, tukaona tumeonewa huruma. Visiwa vyenyewe ni vyembamba, nyumba nyingi zimegeuzwa za watalii, na kaunti hutoa vibali vya kujenga kwa kuhesabu, kwa sababu barabara ni moja na kimbunga kikija watu lazima wawahi kutoka. Kwa hiyo anayepika chakula cha mtalii hana pa kulala. Wenzake Baba Watoto jikoni wengine walikuwa wanalala kwenye magari, na wawili walikuwa wanalala kwenye mashua. Hao wawili ndio walioleta fitina nyumbani kwangu.

Hapa niseme jambo linalonichekesha mpaka leo. Baba Watoto ni mtu wa Tabora. Amekua mbali na bahari kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, na marehemu babangu alikuwa baharia wa majahazi, wakileta boriti kutoka Lamu. Lakini aliyeitaka mashua ni huyu wa Tabora, na aliyeikataa ni mtoto wa baharia. Yeye aliona machweo na kahawa. Mimi niliona usiku wa dhoruba, mama amekaa barazani hajalala, anasikiliza upepo.

Nilikataa miezi miwili. Kilichonilainisha si maneno yake, ni daftari la hesabu. Tulikuwa na akiba ya dola 24,000 na kidogo, na hiyo ilikuwa fedha ya kiwanja Kilifi. Kwa kodi mpya tungekuwa tunaila akiba hiyo kidogo kidogo mpaka iishe, kiwanja tusipate na nyumba isiwe yetu. Nikasema: haya, lakini kwa masharti yangu.

Sharti la kwanza lilikuwa mkaguzi. Dada, kama hutachukua lolote katika barua hii, chukua hili: usinunue chombo kuukuu bila kumlipa mtu wako mwenyewe aje akikague, kikiwa kimepandishwa juu, nje ya maji. Yetu ilikuwa ya fibaglasi, ya miaka ya themanini, na kwa macho ilikuwa safi, wameipaka rangi na kuweka mito mipya. Mkaguzi tulimlipa dola 850. Alipita na nyundo ndogo akigonga kila mahali, akisikiliza, kama babangu alivyokuwa akigonga mbao. Alikuta maji yamepenya sitaha karibu na mlingoti, vyuma vinavyoshika kamba za mlingoti vimeliwa na kutu kwa ndani, na nyaya za umeme zimeungwa kienyeji. Muuzaji alitaka 26,000. Kwa karatasi ile ya mkaguzi tulimshusha mpaka 19,500. Juu yake kuna kodi ya mauzo ya jimbo, asilimia 6.

Halafu makaratasi, ambayo kwetu wahamiaji yana mambo yake. Usajili wa chombo wa serikali kuu ya Marekani ni wa raia tu. Sisi tulikuwa na kadi ya kijani, kwa hiyo tuliisajili kwa jimbo la Florida, na hilo halina shida. Cha pili, ukihama nyumba kwenda chomboni bado umehama: asiye raia anatakiwa aiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Watu husahau kwa sababu wanaona "nimehamia majini, anwani gani tena?" Marina tuliyofunga ilikuwa inapokea barua zetu, nasi tulitumia anwani hiyo kwa idara, kwa shule na kwa leseni ya gari.

Tulihamia mwezi Julai, na mwaka ule, msomaji, bahari yenyewe ilikuwa inachemka. Tarehe 24 Julai 2023 kipimo kimoja katika ghuba ya kina kifupi kule kaskazini mwa visiwa kilisoma joto la maji nyuzi 38.4. Matumbawe yalikuwa yanageuka meupe. Sisi tulikuwa tumefunga kwenye boya, hakuna umeme wa nchi kavu, kwa hiyo hakuna kiyoyozi. Usiku wa kwanza tulilala wote wanne juu ya sitaha chini ya chandarua kimoja. Saa tisa usiku mvua ikatushukia. Tukaingia ndani tumelowa, tukafunga madirisha, tukakaa tunatoka jasho tunatazamana. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi, akauliza kama tunaweza kurudi nyumbani. Baba Watoto akasema, "Hapa ndipo nyumbani." Hakusema kwa ukali. Lakini niliona na yeye ameshtuka kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

Sasa nikueleze maisha yenyewe, maana picha za mtandaoni hazionyeshi choo.

Choo cha chomboni hakimwagi baharini. Bahari yote ya Florida Keys ni hifadhi, na ni marufuku kumwaga kinyesi humo, hata kilichotiwa dawa. Kinaingia kwenye tangi lililo chini ya kitanda chako. Mara moja kwa wiki boti maalumu inakuja na bomba lake na kunyonya. Mfanyakazi wa boti ile tulimpenda kuliko jamaa zetu. Siku moja hakuja, injini yake imekufa, na tangi letu limejaa. Siku tatu tulikuwa tunapiga makasia mpaka bandarini kila haja inapomjia mtu, na mtoto wa miaka minne haja yake haingoji makasia. Karatasi haitupwi chooni. Ukisahau mara moja, bomba linaziba, na utalifungua wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Nimefungua mara mbili. Sitaki kuendelea.

Maji tulikuwa na tangi la lita 300. Nyumbani Marekani mtu mmoja peke yake hutumia karibu lita 300 kwa siku bila kujua. Sisi wanne tulizitumia kwa siku sita. Hapo ndipo malezi ya kwetu yalipotuokoa: tulioga kwa kata na ndoo, tukaosha vyombo kwa beseni mbili, tukakinga mvua kwa turubai. Majirani Wamarekani walikuwa wanashangaa. Mimi nilishangaa kwamba kuna mtu wa kushangaa.

Gesi ya kupikia ndiyo iliyokuwa hofu yangu. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja utafungua mlango itoke, lakini chomboni inashuka chini, inajikusanya ndani ya ngama, na hapo inangoja cheche. Kwa hiyo mtungi hukaa nje, kwenye sanduku lake lenye tundu la kutokea chini, na kila nikimaliza kupika nilifunga mtungini, si kwenye jiko tu. Na jenereta, dada, moshi wake una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inaua watu waliolala. Tulinunua kengele mbili za kuitambua kabla hatujanunua hata shuka. Kwa mwenye mimba, hili pekee lingetosha kunifanya nisite.

Ukungu nao. Kila kitu kinaota ukungu: viatu, mkoba, Msahafu wa babangu nilioupata kama urithi. Huo niliutoa haraka nikaupeleka kwa rafiki mwenye nyumba. Nguo za kazi zilikuwa na harufu ya dizeli na unyevu, na siku moja bibi mmoja niliyekuwa namuogesha aliniambia kwa upole, "Mwanangu, unanuka kama marehemu mume wangu, alikuwa mvuvi." Alikusudia mema. Nililia garini.

Lakini nisiseme kana kwamba ilikuwa adhabu tupu. Asubuhi za Desemba, joto limevunjika, upepo mkavu umeingia kutoka kaskazini, maji ni kijani kama gilasi ya chupa, na samaki wakubwa wanapita chini ya usukani. Mbuzi yangu ya kukunia nazi ilikuwa imefungwa kwenye sitaha, na wali wa nazi unaopikwa majini una ladha nyingine, usiniulize kwa nini. Kuswali ndiko kulikotuchekesha. Chombo kilichofungwa kwenye boya huzunguka na upepo. Kibla kutoka kule ni kaskazini mashariki, unaanza rakaa ya kwanza umekielekea, ya tatu unajikuta umeelekea Meksiko. Baba Watoto alinunua dira ya shilingi mbili tatu akaibandika sakafuni, akawa anahama na mswala.

Na maneno yalinirudia. Sikujua kwamba ninayajua. Omo, tezi, ngama, mkuku, amari. Kulikuwa na neno kwa kila kitu alichokuwa Baba Watoto anakiita "ile ya mbele" na "kamba ya huko." Binti yangu aliyashika yote. Kiswahili ambacho sikuweza kumfundisha miaka sita kwenye zulia la sebuleni alikipata kwa kufua maji. Bahari ya kule ni ya ajabu kwetu kwa jambo moja: haipwi. Mombasa wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, unaweza kupwelewa chombo ukakipaka dawa chini na kungoja maji yarudi. Kule mara nyingi hata nusu mita haifiki. Kwa hiyo kusafisha tumbo la chombo lazima umlipe mzamiaji kila mwezi, maana katika maji yale ya moto magamba na majani huota kama ulivyopanda mwenyewe, au ulipe karakana wakunyanyue kwa mashine.

Mwanangu wa kiume alianguka majini mwezi wa Machi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, bahari shwari, sote tuko juu. Baba yake alikuwa anafunga kihori, mimi naanua nguo. Hakuna aliyesikia kitu. Watu hudhani mtoto akizama atapiga kelele. Hapigi. Niligeuka kwa sababu ya ukimya, nikaona pale alipokuwa amekaa hapana mtu. Alikuwa upande wa pili, baina ya chombo na kihori, koti la kuelea limemnyanyua mpaka kidevuni, mikono juu, macho yamefumbuka, hata kulia bado hajaanza.

Koti lile tulikuwa tumeligombania asubuhi hiyohiyo. Baba yake alisema mtoto anaungua na joto, mvue kidogo. Mimi nikasema hapana, na nikasema kwa maneno mabaya, kwamba mtu wa Tabora hawezi kunifundisha bahari. Jioni ile hatukukumbushana. Alimtoa, akamkausha, akamlaza, kisha akakaa omo mpaka usiku wa manane. Nilimpelekea chai. Akaniambia, "Nikikuuliza tena kumvua koti, nikumbushe leo." Sikuwahi kumkumbusha, na hakuuliza tena.

Sasa mama.

Kila Jumamosi tulipigiana simu ya video. Nilikuwa nakaa kwenye kona moja yenye ukuta mweupe, nimetundika picha ya Al-Kaaba nyuma yangu ili paonekane sebuleni. Mama akasema siku moja, "Mbona mwanangu hiyo picha inapepesuka?" Nikasema ni feni. Nikamwambia hivyo mama aliyeishi na baharia miaka thelathini na moja.

Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita magharibi yetu kikielekea kaskazini. Hatukungoja kuamriwa. Tulikuwa tumeona kila siku milingoti inayochungulia mikokoni, masalia ya Irma, kimbunga kilichoshukia Cudjoe Key tarehe 10 Septemba 2017 kikavunja mamia ya mashua. Majirani wa miaka ile walikuwa wanasimulia kama watu wanavyosimulia msiba. Tulizidisha kamba kwenye boya, tukazizungushia mipira zisikatike kwa kusuguana, tukavua matanga yote, tukachukua watoto na makaratasi, tukaendesha gari mpaka bara, hoteli ya bei ya chini. Usiku ule mama alipiga. Ameona habari kwenye televisheni. "Nyumba yenu ni imara?" Nikamwambia, "Ni imara, mama." Baba Watoto alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akaniangalia, akaangalia chini.

Chombo kilipona. Kamba moja kati ya tatu ilikuwa imebaki nyuzi chache.

Wiki mbili baadaye binti yangu ndiye aliyesema. Bibi yake alimuuliza nyumba haikuvuja? Akajibu kwa Kiswahili kizuri, kile cha chomboni, "Bibi, sisi hatuna nyumba. Tuna mashua. Ngama ilipata maji kidogo tu." Nikaipokonya simu, lakini neno likishatoka limetoka. Mama alisema, "Haya," akakata.

Siku tisa hakupiga wala hakupokea. Ndugu zangu wote wakapiga, kila mmoja na lake: mbona hamkusema, mbona mwatuaibisha, fedha za kiwanja ziko wapi. Kaka yangu mkubwa alisema watu watadhani tumekuwa ombaomba. Siku ya kumi ukaingia ujumbe wa sauti wa mama, dakika moja na nusu. Nimeuhifadhi. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa: "Nilikupeleka shule usije ukalala chomboni kama babako." Kisha kimya, nasikia kuku wa jirani. Kisha akauliza: "Hiyo pampu ya ngama ni ya umeme au ya mkono? Kama ni ya umeme, muwe na ya mkono pia. Babako alikuwa na mbili."

Hatukuwa na ya mkono. Tulinunua kesho yake. Na wiki iliyofuata alinituma niweke karafuu kwenye makabati na kufukiza udi kila Ijumaa na madirisha yakiwa wazi. Ukungu haukwisha, lakini harufu ilikwisha, na kazini hakuna tena aliyenitajia mvuvi.

Kilichotutoa si dhoruba wala mtoto kuanguka. Kilikuwa karatasi. Juni 2025 kampuni ya bima ilikataa kuendelea nasi, chombo kimezeeka. Tukatafuta nyingine tano. Tatu zilikataa, moja haikujibu, moja ilitaka dola 5,200 kwa mwaka na chombo kipandishwe nchi kavu msimu wote wa vimbunga, Juni mosi hadi Novemba 30. Na marina haimpokei asiye na bima. Wapo wanaoondoka marina wakatia nanga nje bure, bila bima. Nawajua, na wengine ni watu wazuri. Mimi sikuweza kulala na watoto kwa namna hiyo. Kipindi hicho Baba Watoto akapata kazi bara, tukapanga vyumba viwili Homestead, kodi nafuu kuliko visiwani, na Septemba tukauza.

Hesabu, kwa sababu ndiyo uliyoiuliza. Kwa mwezi boya lilikuwa dola 620, pamoja na maji, bafu za nchi kavu na kunyonya choo. Bima 140, mzamiaji 80, gesi na mafuta 70. Matengenezo nimeyagawanya kwa miezi yote, yanatoka 450, ingawa hayaji hivyo. Huja sufuri miezi mitatu kisha 2,000 kwa siku moja. Jumla 1,360. Kwa miezi 26 ni dola 35,360. Ongeza kununua, kodi na mkaguzi, 21,520. Ongeza betri, sola, na kupandishwa mara moja kupakwa rangi ya chini, 7,000. Toa bei tuliyouzia, 11,000. Inabaki 52,880. Kodi ya 3,100 kwa miezi hiyohiyo ingekuwa 80,600. Kwa hiyo tuliokoa 27,720, na hoteli za kukimbia vimbunga zilikula 2,100 katika hizo. Ni karibu dola 985 kwa mwezi. Si kidogo. Lakini si "bure" kama mumeo anavyosema, na ungeuliza mwisho wa mwaka wa kwanza ningekuambia tumepata hasara, maana mwaka wa kwanza ndio wa kununua kila kitu. Anayekaa chini ya miaka miwili ni afadhali alipe kodi.

Wewe na mimba ya miezi mitano, dada, ningengoja. Ngazi ya kushukia kihorini usiku, kwenye mawimbi, na tumbo la miezi minane, sitakuficha kwamba hata kuiwaza kunanitisha. Mwambie mumeo ambembeleze mwenye mashua mmoja amkaribishe wiki mbili za Agosti, si za Januari. Aende na watoto wote wawili, wewe ubaki. Akirudi na hamu ileile, mzungumze. Na ulizeni bima kwanza, kabla hamjatoa hata dola ya kushikia. Sisi tuliuliza mwisho, na chombo ambacho hakuna wa kukikatia bima kesho hakina wa kukinunua.

Kiwanja tumenunua. Kidogo kuliko tulivyotaka, na mbali na bahari, kwa ombi langu. Baba Watoto hakubisha. Lakini usiku namkuta na simu, anatazama mashua zinazouzwa, na nikipita anageuza kioo.

Aliyenunua yetu ni mke na mume vijana, wa huko huko Florida. Siku ya kukabidhi waume wawili walikuwa mbele na injini. Mimi nilimchukua yule mke nikamshusha ngamani nikamwonyesha pampu ya mkono, jinsi ya kuivuta. Akaniuliza, kwani ile ya umeme haifanyi kazi? Nikamwambia inafanya kazi vizuri kabisa. Akaivuta mara kadhaa, akakunjua mgongo, akasema asante.

Jioni nikampigia mama kumwambia tumeuza.

"Kwa ngapi?"

Nikamwambia 11,000.

"Pamoja na pampu zote mbili?"

"Zote mbili."

"Mmepunjwa," akasema mama, na akaanza kunieleza babangu aliuzaje lile dau lake mwaka ule.